Bomba Lisilokuwepo Kwenye Ramani

Kazija aliumwa na papa siku ya Jumanne. Kwamba ilikuwa Jumanne, mji mzima unakubali. Wanachobishania hadi leo ni Jumanne ipi. Katika mji ule siku hazikujipanga zenyewe. Kila alfajiri spika iliyofungwa juu ya paa la Ofisi ya Ufuo ilikohoa mara mbili, kisha sauti ya Msimamizi, Bwana Talibu, ikatangaza leo ni siku gani, na watu wakaamka ndani ya siku hiyo kama mtu anayevaa nguo aliyowekewa kitandani. Ziliwahi kupita Jumatatu nne mfululizo. Uliwahi kupita mwezi usio na Alhamisi hata moja, na wale waliozaliwa Alhamisi wakawa wanatembea wameinamisha vichwa, kana kwamba wamekosea kuwepo. Hakuna aliyeuliza. Mtu akishapewa siku, na siku ikawa na jua lake na chakula chake, ataulizia nini tena?

Kazija alikuwa akiwafundisha wanawake kuogelea. Hiyo ndiyo kazi aliyojulikana nayo, na kwa muda mrefu hakuhitaji kujulikana kwa jambo jingine. Asubuhi aliwapeleka wanafunzi wake kwenye ghuba ndogo chini ya rasi, na mavazi yao mapana, wakisukumana na kuchekana, akawaingiza majini mmoja mmoja. Aliwaambia neno moja tu: lala. Aliamini kwamba mwanadamu anazama kwa sababu anataka kusimama mahali pasiposimamika. Akikubali kulala, maji yanamchukua bila kumuuliza jina, ukoo wala mume. Wako wanawake waliolia mara ya kwanza walipoelea. Walisema hawakujua kuna kitu duniani kinachoweza kumbeba mtu mzima halafu kisimdai shukrani.

Jumanne hiyo alikuwa na wanafunzi saba. Maji yalikuwa yamewafika kiunoni, yeye amesimama upande wa kina ili awe mpaka wao. Kwanza aliona maji yamekuwa ya uvuguvugu. Kisha akasikia harufu, na harufu hiyo ikamchanganya, maana ilikuwa ya asubuhi ya sikukuu, ya uani, ya kisu na mnyama. Akageuka kutazama inatoka wapi. Hapo kitu kikambana mguu wa kushoto, chini ya goti, kama mlango mzito unavyobana kidole cha mtoto. Hakikuuma. Maumivu yalikuwa bado njiani. Alichokiona ni mgongo wa rangi ya jivu ukijipinda, mpana kuliko alivyoweza kuamini, na jicho jeusi lisilomtazama.

"Tokeni," aliwaambia wanafunzi, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaambia walale. "Tokeni polepole. Msigeuke."

Wakatoka. Papa akamwachia kama alivyomkamata, bila sababu aliyoweza kuijua, akaenda zake. Mmoja wa wale saba alikuwa Shemsa, muuguzi wa zahanati ya mtaani. Yeye hakwenda mpaka ufukweni. Alirudi, akamshika Kazija kwapani, akamvuta hadi mchangani, akamfunga kanga juu ya goti na kuikaza kwa kipande cha mti mpaka damu ikapungua.

Kule zahanati, Shemsa alishona nyuzi arobaini na tatu. Alishona huku akizungumza, kwani aliona macho ya shoga yake yanataka kwenda mbali.

"Papa hakukutaka, dada. Kakuonja, kakutema."

"Ndivyo mnavyowafariji wagonjwa?"

"Sikufariji, nakupa habari. Angekutaka, mimi saa hizi ningekuwa nashona kanga tupu." Akainamia jeraha, akavuta kitu kwa kikoleo chake kidogo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa nywele fupi, ngumu, za rangi ya kahawia. "Hizi si zako."

"Za nani?"

"Za ng'ombe," alisema Shemsa. "Mguuni mwako mna nywele za ng'ombe, Kazija."

Kwa siku kadhaa Kazija alilala akiwaza nywele zile, na mawazo yake hayakufika mahali. Kabla hayajafika, akafika Bwana Talibu.

Alikuja mwenyewe, na mfuko wa machungwa, amevaa viatu vyeupe. Alikuwa mtu mpole, na Kazija alilikumbuka hilo baadaye kila alipotaka kumchukia. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akatazama bendeji, akameza mate kama mtu aliyeumwa yeye.

"Bi Kazija, mji umeshtuka," alisema. "Watu wanataka kukusikia. Ukiwaeleza kwa mdomo wako, watajihadhari. Utakuwa umeokoa roho za watu."

Nani angekataa? Alipoweza kusimama na mkongojo, Ijumaa moja alipanda jukwaani kwenye uwanja mbele ya Ofisi ya Ufuo, akaeleza. Alieleza kama ilivyokuwa: uvuguvugu, harufu, mlango, jicho. Alipofika kwenye harufu, spika ilikwaruza, watu hawakuisikia. Alipoonyesha kovu, uwanja mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Jioni ileile ghuba ilizungushiwa kamba nyekundu, wakawekwa walinzi wenye filimbi.

Kesho yake spika ikatangaza: leo ni Ijumaa.

Na kesho yake tena. Ijumaa zikafuatana kama shanga, na kila Ijumaa Kazija alipandishwa jukwaani, akainua pindo la gauni, akaonyesha mguu. Papa akawa mrefu kila aliposimuliwa. Yeye mwenyewe hakumrefusha. Alirefuka kwenye masikio ya watu. Kisha likaanza jambo jingine. Siku moja, akishuka ngazi za jukwaa, Kazija alimwona muuza kahawa anachechemea mguu wa kushoto. Akadhani amejikwaa. Akamwona mwalimu wa shule, naye anachechemea. Akawaona wanawake wawili waliotoka sokoni, wameshikana mikono, wanainuka na kushuka kwa mdundo mmoja. Kabla Ijumaa hizo hazijakatika, mji wote ulikuwa ukitembea kwa mguu mmoja na nusu, na mtu aliyetembea sawasawa alionekana hana adabu.

Nyumbani mumewe, Machano, fundi wa cherehani, alikaa kitandani akijikanda shavu la mguu.

"Unaumwa na nini?" Kazija aliuliza.

"Huu mguu. Tangu ile siku ya papa."

"Machano, wewe hukuwepo. Ulikuwa kibandani kwako unatia mafuta cherehani."

Machano alimtazama kwa mashaka ya kweli. "Una hakika? Mbona nakumbuka maji?" Akamshika mkono. "Nakumbuka lile jicho, mke wangu. Lilinitazama."

"Halikumtazama mtu," alisema Kazija.

Alikaa kando yake na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile akaogopa. Hakumwogopa papa. Aliliogopa jeraha, lililokuwa limetoka mguuni mwake likaenda kukaa kwa watu wote, na huko limekuwa kubwa na jepesi, halina damu wala uzi, halina jambo lolote la kweli isipokuwa hofu. Walikuwa wamemnyang'anya hata kuumwa kwake. Sasa yeye ni nani? Ikiwa kila mtu ni Kazija, Kazija amebaki na nini? Alijibonyeza kovu kwa kidole gumba hadi likauma. Maumivu hayo tu ndiyo yaliyokuwa bado ya kwake. Basi aliamua kuanzia hapo.

Siku mbili baadaye mwashi mmoja, aliyekuwa ameshuka nyuma ya rasi kunawa chokaa mikononi, alipoteza vidole vitatu. Maji yalikuwa yamemfika gotini tu. Shemsa alimfunga mkono, akaja moja kwa moja kwa Kazija bila hata kuvua aproni.

"Wanakaribia nchi kavu," alisema. "Watu hawaingii majini tena, na papa ndio kwanza wanasogea. Niambie hilo linawezekanaje."

"Umekuta nywele?"

"Nimezikuta. Na kipande cha utumbo."

Walikwenda machinjioni pamoja. Yalikuwa nyuma ya mji, juu ya kilima, jengo refu lisilo na madirisha lililojengwa na Ofisi ya Ufuo ili watu wale nyama kila siku. Ng'ombe walichinjwa huko asubuhi na alasiri. Kazija na Shemsa walizunguka hadi nyuma ya ukuta, na huko wakaona mfereji wa saruji unaopokea damu yote, mweusi kwa nzi, ukiteremka hadi kwenye shimo lenye mdomo wa bomba. Bomba lilikuwa nene kiasi cha mtu kuingiza mabega. Liliingia ardhini likielekea chini, kule kwenye rasi.

Siku hiyohiyo Kazija aliomba kuonana na Msimamizi. Aliomba aone ramani ya mji, na Bwana Talibu, kwa upole wake, akaitandaza mezani. Kulikuwa na barabara, visima, misikiti, shule, hata choo cha soko. Bomba halikuwepo.

"Nimeliona kwa macho yangu," alisema Kazija.

"Sikatai kwamba umeliona."

"Basi mbona halipo hapa?"

Bwana Talibu alilainisha pembe ya ramani iliyokuwa ikijikunja. "Bi Kazija, mji unakula nyama kila siku. Damu lazima iende mahali. Ningeipeleka wapi? Mlangoni kwa nani?"

"Umeileta mguuni kwangu."

"Ni kweli," alisema, na macho yake yakalowa. Hakuwa akiigiza. "Lakini fikiri nami. Tukisema ni papa, watu watakaa nchi kavu na watakuwa salama, na watatusikiliza. Tukisema ni bomba, watatukasirikia jioni moja, kisha watarudi kula nyama. Papa anawaweka watu pamoja. Bomba litawagawanya. Mimi sitawali watu, nawatuliza."

"Na yule mwashi umemtuliza?"

Bwana Talibu akakunja ramani. "Ijumaa utapanda jukwaani kama kawaida," alisema. "Na kama hukupanda, hakuna neno. Wako watu elfu moja wanaoweza kueleza papa alivyokuuma. Wanaeleza vizuri kuliko wewe."

Kazija alitoka nje ya ofisi ile na hasira, na kabla hajafika nyumbani hasira ilikuwa imegeuka kuwa mpango. Mdomo wa pili wa bomba lazima uwe chini ya maji, nje kidogo ya rasi, mahali pasipofikiwa na mtu asiyeogelea. Kwa hiyo kamba nyekundu haikuwa ya kuwazuia watu wasiliwe. Ilikuwa ya kuwazuia wasione. Na maneno, ameshayasema, yamekwaruzwa na spika. Bomba lilihitaji kuzibwa, na hilo lilihitaji mwili uingie majini.

Alimweleza Machano kila kitu, akitarajia atakatazwa. Machano alisikiliza huku akijikanda mguu. Mwishowe aliuliza, "Mdomo wake una upana gani?"

"Mabega yangu."

"Na ukingo wake wa nini?"

"Sijui. Nikipiga mbizi nitajua."

Machano alikwenda kibandani kwake, akarudi na magunia mawili ya mkonge. Aliyashona moja ndani ya jingine kwa uzi wa ngozi, akayashindilia makumbi ya nazi yaliyorowekwa lami, akaliacha gunia liwe na umbo la pia ya kuchezea watoto, jembamba mbele, nene nyuma. Alipomaliza alisema, "Mishono hii haitafumuka. Mengine yote siyajui."

Walingoja mpaka adhuhuri ya Ijumaa, saa ambayo machinjio yamepumzika na mji wote uko uwanjani. Kazija, Shemsa na wale wanafunzi wengine sita waliteremka kwenye miamba ya rasi, Kazija na kamba kiunoni, wao wameshika ncha nyingine. Walinzi wawili waliwaona wakivuka kamba nyekundu. Walipiga filimbi, wakapiga tena, wakaja wakichechemea hadi maji yalipoanza, wakasimama. Hofu ile waliyopewa wailinde ilikuwa imewakamata na wao. Waliendelea kupiga filimbi wakiwa nchi kavu, na Kazija akazama.

Mara ya kwanza alikwenda kutafuta tu. Maji yalikuwa mekundu kama chai, na kina kilikuwa pima tatu au zaidi. Alilipata bomba kwa mikono kabla ya kuliona. Ukingoni mlikuwa na masikio mawili ya chuma, mabaki ya wavu uliong'oka zamani. Akapanda juu kuvuta pumzi, akawaomba wamkatie fimbo ya mkoko urefu wa mkono na nusu.

Mara ya pili alishuka na gunia. Alikuwa ameliingiza nusu, mguu mbovu ukimsumbua kwa kukosa nguvu, maji yalipohama. Hakuna neno zuri zaidi. Maji yalihama, kama chumba kinavyohama anapoingia mtu uliyekuwa ukimsema. Alikuwepo papa upande wa kushoto, na mwingine nyuma yake, na kivuli cha tatu. Kazija akashika sikio la chuma, akatulia.

*Huyu ndiye. Au siye. Hana haja ya kujua.*

*Ametajwa Ijumaa ngapi, na hajasikia hata moja.*

*Nilidhani nitamchukia. Kumbe ni mtu wa kazi, amekuja aliposikia harufu. Na mimi pia. Na ng'ombe pia, masikini, hata yeye amefika baharini bila kutaka.*

*Mimi ni nani? Mimi ni mwenye pumzi inayokwisha. Inatosha. Na hiyo ni yangu peke yangu.*

*Lala, Kazija.*

Akalala. Akaacha mwili uelee juu ya bomba kama alivyowafundisha, mkono mmoja tu umeshika chuma. Ubavu wa papa ukampita karibu kiasi cha kumkwaruza bega, ngozi yake kali kama msasa. Ukapita mrefu, ukapita wote, na mkia ukamsukuma kando kidogo, bila dharau na bila heshima. Kisha maji yakawa maji tena. Mapafu yakiwaka, Kazija aliegemeza goti lake zima kwenye gunia na kulisukuma mpaka likakwama, akavuta kamba mara mbili, wakamnyanyua.

"Basi, yatosha!" Shemsa alimfokea, amemshika mashavu. Bega lilikuwa linatoka damu. "Umeliziba, yatosha!"

"Sijatia fimbo. Damu ya alasiri italisukuma nje."

"Wapo papa chini!"

"Wapo. Nipe fimbo."

Wakatazamana. Shemsa alilia huku akimpa. Akazungusha kamba kiunoni mwake mwenyewe, akakaa kitako kwenye mwamba, visigino vimekita kwenye ufa wake. Mara ya tatu Kazija alishuka bila kutazama kando, akaipitisha fimbo nyuma ya sikio moja na nyuma ya sikio la pili, juu ya gunia, akaipiga kwa jiwe mara sita. Ya sita haikusogea tena.

Alasiri ile watu walikuwa bado uwanjani, wamewekwa na Msimamizi ambaye leo alieleza mwenyewe jinsi papa alivyouma, naye alieleza vizuri kweli. Kwenye kilima uchinjaji ulianza. Kwanza vyuma vya mitaro ya barabara viliguna. Halafu damu, bomba likiwa limezibwa, ikapanda kwenye mitaro iliyoungana nalo. Ilipanda kwenye mtaro wa soko, ikapanda uani mwa Ofisi ya Ufuo, ikateremka ngazi zake moja moja bila haraka, ikaingia uwanjani, vuguvugu, na nywele zake na nzi wake, ikazunguka nyayo za watu. Kina mama waliinua watoto. Bwana Talibu, viatu vyeupe vimebadilika rangi, alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Tulieni," alisema. "Ni papa. Ni papa tu."

Muuza kahawa ndiye aliyeuliza, na hakuuliza kwa ujeuri, alitaka kujua. "Papa gani huyu, Bwana Talibu, anayepita barabarani?"

Hapo ndipo Kazija alipofika, maji yanamchuruzika, wanawake saba nyuma yake. Watu walimpisha. Hakupanda jukwaani. Alisimama katikati ya damu, akasema kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyepumua, wote walimsikia.

"Hii ndiyo iliyoniuma. Jamaa wa baharini walifuata harufu. Mwashi alikatwa vidole kwa ajili ya hii. Mguu ni wangu, uliumwa mara moja. Nyinyi hamkuumwa. Rudisheni jeraha langu."

Mtu mmoja akatazama mguu wake wa kushoto. Akaukita chini, kwa woga, kisha kwa nguvu. Wa pili akafanya hivyo. Damu ikaruka, na uwanja mzima ukawa unakita miguu, bila wimbo na bila ngoma. Bwana Talibu aliketi kwenye ngazi ya jukwaa, akavua viatu, akavishika mapajani. Walipomwambia aziandae karatasi za kuchimba mashimo ya damu huko bara, mbali na maji, alisema, "Nilijua mtakasirika." Walimjibu kwamba ndiyo, wamekasirika, na achukue kalamu.

Haikuwa rahisi. Mji ulikaa muda bila nyama ukinung'unika, na mashimo yalinuka kabla watu hawajajifunza kuyafunika vizuri, na wako waliosema papa alikuwa afadhali. Papa nao hawakuondoka siku moja. Walizungukazunguka wiki kadhaa wakitafuta walichozoea, wakapungua, wakabaki wale wachache ambao bahari imekuwa nao siku zote. Watu walimwuliza Kazija kama sasa ni salama. Alikataa kuwapa neno hilo. Aliwaambia ni bahari.

Asubuhi moja, ambayo haikutangazwa ni ya siku gani, alisimama ghubani upande wa kina, maji safi yamemfika mbavuni, akangoja. Ufukweni walikuwepo wengi, na kila mmoja alimtazama mwenzake. Aliyeingia wa kwanza ni Machano. Aliingia na fulana yake ya kazi, mikono ameiinua kama mtu anayevuka kijito na mzigo, uso umemkauka. Alitembea mpaka akafika kwa mkewe.

"Kweli hakuna kitu?" aliuliza.

"Sijui," alisema Kazija. "Mimi nipo."

Machano alitazama kina kile, akamtazama yeye. Akakiegemeza kisogo chake kwenye kiganja cha mkewe, na miguu yake yote miwili ikaacha mchanga.